Volti za Mgeni Rasmi

Kazi yangu ni kujenga laini za umeme ambazo hazipo. Usinicheke. Kabla nguzo hata moja haijasimamishwa, lazima mtu akae kwenye kompyuta aijenge laini nzima kwa hesabu: urefu wake, unene wa waya, mzigo itakaobeba, joto la mchana. Halafu anaihoji. Mji mzima ukiwasha majiko kwa pamoja, volti zitashuka mpaka wapi? Radi ikipiga katikati, nani atabaki gizani? Laini hiyo ya ndani ya kompyuta ndiyo tunayoiita modeli. Mimi Nasike, binti wa Bungoma niliyekuja Kampala kutafuta riziki, ndiye niliyejenga modeli ya laini mpya inayotoka bwawa la kaskazini hadi kituo cha kupozea umeme cha hapa mjini. Nasema bila haya kwamba modeli ile haikuwa na kosa hata moja. Likumbukeni hilo, maana mbele ya safari mtanisikia nikilikana.

Ofisi yetu, Ofisi ya Uratibu wa Laini Mpya, iko Nakasero, katika jengo refu ambalo lifti yake haipandi kwa sababu umeme hautoshi. Mkurugenzi wetu, Injinia Dawudi, ni mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye hamtanisadiki. Aliwahi kuwa fundi hodari, kisha akapandishwa cheo, kisha akapandishwa tena, na kila alipopanda aliacha kitu kimoja alichokijua kwenye ngazi.

Kwangu ni Namuwongo, chumba cha uani kwa Bi Salme. Bi Salme ni mjane. Babu wa babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara, akaoa huku, akasahau kurudi. Yeye huuza sharubati ya ukwaju na barafu hapo mlangoni, na biashara yote iko ndani ya friza moja nyeupe. Friza ya kabla ya hiyo iliungua umeme ulipopanda ghafla, na siku ile alilia mpaka majirani wakaja kumpa pole wakidhani kafiwa. Ili kununua hii aliuza bangili za dhahabu alizoachiwa na mama yake. Kila asubuhi kabla ya kusema nami huweka kiganja juu ya kifuniko chake, kama anayempima mtoto homa. Ikivuma, siku yake imekuwa njema. Isipovuma, hakuna kodi, hakuna chakula, hakuna Bi Salme.

Sasa twende kwenye kikao.

Uzinduzi ulikuwa umekaribia na mwenye usemi hakuwa tena injinia yeyote, alikuwa Madamu Aber wa itifaki. Aber alivaa viatu vya kupiga sakafu mpaka ukajua amefika kabla hajafika. Alitandaza ratiba mezani. Alfajiri, mji wote ungezimwa. Mgeni rasmi angehutubia hemani, kwenye bustani moja hapo hapo Nakasero. Kisha angebonyeza kitufe, na mitaa ingewashiwa umeme mmoja baada ya mwingine, yeye akitazama kwenye skrini kubwa yenye jenereta yake. Namuwongo kwanza, kisha Kalerwe, na mwisho Nakasero.

"Namuwongo kwanza kwa sababu ya kamera," alisema. "Wale watu wanajua kupiga vigelegele. Nakasero nani atapiga vigelegele? Askari wa geti?"

Nikanyoosha mkono, nikauliza habari za reakta.

Reakta ni mashine kubwa iliyo kituoni, kazi yake ni kumeza volti za ziada. Laini ndefu ina tabia moja mbaya: ikiwa haibebi mzigo, volti za mwisho wake hupanda kuliko za mwanzo. Ndiyo sababu reakta ikawekwa. Tatizo lake ni kwamba inavuma. Kwenye mazoezi ya sherehe, watu wa usalama waliosikia mvumo ule wakadhani ni nyuki, wakakimbia wakapanda uzio.

"Ile mashine ya kulia mmm tumekubaliana itazimwa," Aber akasema. "Mheshimiwa atatembelea kituo kwanza. Hawezi tembea kwa nyuki."

"Ikizimwa, na mji wote umezimwa, laini itakuwa haina mzigo," nikasema. "Mtaa wa kwanza kuunganishwa utapokea volti nyingi mno. Kila kilicho kwenye soketi kitaungua."

Injinia Dawudi aliniangalia kwa huruma ya mzazi.

"Nnyabo Nasike, wewe naelewa vitabu sana. Lakini sasa niambie. Raini haibebi kitu, hizo volti zinatoka wapi? Mutu hajakula, anashiba namna gani?"

"Ndivyo zilivyo laini ndefu, Mkurugenzi. Isiyobeba kitu ndiyo inayovimba."

Nilipotamka hayo nikazunguka meza kwa macho bila kukusudia. Kulikuwa na msaidizi wa mkurugenzi, msaidizi wa msaidizi, mshauri wa mapambo na bwana mmoja ambaye mpaka leo sijui kazi yake, ila koti lake lilikuwa limebana vifungo. Hakuna aliyekuwa amebeba hata kalamu. Nikaona mifano ninayo ya kutosha, nikainamisha kichwa.

Siku iliyofuata niliwaletea mchoro. Niliuchapa kwa rangi: mstari wa bluu ukienda taratibu kutoka kaskazini, kisha ukigeuka mwekundu unapoingia Kampala. Chini yake niliandika kwa herufi kubwa: MTAA WA KWANZA: NAMUWONGO. VOLTI KUPITA KIASI. VIFAA KUUNGUA. Injinia Dawudi akausifu sana.

"Hii rangi ni nzuri, banange," akasema, na akauweka kwenye faili la sherehe.

Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta Bi Salme amejifunga leso mpya na ukuta wake wa mbele umepakwa rangi ya bendera. Aber alikuwa ameshapita. Alimtafuta mama mwenye friza wa kuonyeshwa kwenye skrini, na mtu pale ofisini akakumbuka kwamba mwenye nyumba wa Nasike anayo. Umeme ukifika, Bi Salme angefungua friza mbele ya kamera na kuinua chupa ya sharubati.

"Nitaonekana na Uganda nzima," aliniambia, uso unamwaka. "Hata Halimah, dada yangu wa Jinja, ambaye husema mimi nachuuza maji ya rangi."

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, bila hesabu. Akasikiliza huku furaha ikimtoka usoni kidogo kidogo, na mimi nikajichukia kwa kuitoa.

"Basi niichomoe," akasema.

Tukaenda kuitazama. Fundi wa kamera alikuwa amebana plagi ukutani kwa mabati na skrubu, isije ikachomoka wakati wa kurekodi. Juu yake pamebandikwa karatasi yenye muhuri wa ofisi yangu: USIGUSE MPAKA BAADA YA MGENI RASMI.

"Modeli yako yasema friza itakufa?" Bi Salme aliuliza.

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Ndiye mimi."

"Basi si uiambie iseme mengine, mwanangu?"

Nilitaka kucheka, nikaona hachezi. Kiganja chake kilikuwa juu ya kifuniko. Nilimwambia modeli haiambiwi, ndiyo inayokuambia wewe. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, na leso mpya akaivua.

Sikupata usingizi mzuri. Hasira ilinipanda, na hasira yangu ina faida moja, hunifungua macho. Kumbe kosa langu lilikuwa kuwaeleza umeme watu ambao hawana shida na umeme. Asubuhi nilimwendea Aber mezani kwake, nikafunga mlango, nikashusha sauti kama mleta habari za aibu.

"Madamu, mimi si mtu wa itifaki, nisamehe. Ila naona watu watasema. Kwenye sherehe zetu hapa Kampala, nani hupakuliwa chakula kwanza?"

"Meza kuu," akajibu papo hapo. "Hiyo hata mtoto anajua."

"Na mgeni rasmi atakuwa amekaa Nakasero?"

"Ndiyo."

"Sasa ratiba inasema Namuwongo itakula umeme kwanza. Kalerwe nao, wauza matoke na nyanya, watakula. Halafu mgeni rasmi ndipo atapewa kilichobaki?"

Nilimwona Aber akipauka. Alikaa. Aliitazama ratiba yake mwenyewe kwa hofu ambayo mchoro wangu mwekundu haukumpa.

"Yesu wangu," akasema. "Na hakuna mtu ameona hii!"

Kabla ya chai ratiba ilikuwa imegeuzwa: Nakasero kwanza, kisha Kalerwe, mwisho Namuwongo. Injinia Dawudi alipita akisema huyo Aber ana akili. Mimi, kwa kutimiza wajibu, nilimwendea mara ya mwisho nikamsihi waiache reakta iwake. Akanipiga bega. "Kale, kale. Pumzika, nnyabo. Umechoka."

Siku ya uzinduzi Nakasero ilipendeza. Hema lilikuwa jeupe, viti vimefungwa riboni, feni kubwa kila pembe, vipoza hewa nyuma ya meza kuu, na friji za vioo zenye soda zimepangwa kwa rangi. Vyote vilichomekwa na kungoja, hata skrini kubwa, ambayo haikuhitaji tena jenereta kwa kuwa Nakasero ndiyo ya kwanza. Mgeni rasmi alirejea kutoka kituoni na kusifu utulivu wa pale. Akasema ameshangaa kwamba umeme mwingi hivyo hautoi hata sauti. Tukapiga makofi. Alihutubia mpaka watoto wa kwaya wakakaa chini, kisha akabonyeza kitufe.

Niwaambie siri ambayo si siri: kitufe kile hakikuunganishwa na chochote zaidi ya kengele. Aliyewasha laini ni opareta kituoni, aliyepigiwa simu.

Kwanza taa zikawaka, na watu wakasema "Aaa!" Zikazidi kuwaka. Zikawa nyeupe, kisha za samawati, na watu wakasema "Aaa!" kwa sauti nyingine. Feni zikaongeza mwendo mpaka riboni zikachomoka vitini. Kofia ya askofu ikaondoka. Spika zikapiga yowe, skrini kubwa ikang'aa kisha ikawa nyeusi, na vipoza hewa vikatoa moshi kimoja baada ya kingine kwa kufuata ngazi za vyeo, kuanzia kile cha nyuma ya mgeni rasmi. Balbu zilipoanza kupasuka, mgeni rasmi alisimama akapiga makofi akidhani ni fataki za sherehe. Basi na sisi sote tukasimama tukapiga makofi, na Injinia Dawudi alipiga kwa nguvu kuliko wote, machozi ya moshi yakimtoka.

Kule kituoni opareta aliona mita zake, akaiwasha reakta bila kuomba ruhusa ya mtu. Umeme wa Kalerwe ukafika ukiwa umetulia, na wa Namuwongo baada yake. Bi Salme alifungua friza mbele ya kamera, akainua chupa, akapigiwa vigelegele na mtaa mzima. Hakuna aliyemwona kwenye skrini kwa kuwa skrini ilikuwa imekufa. Hakujali. Nilipofika jioni alinishika mkono akauweka juu ya kifuniko.

"Yavuma," alisema.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini nchi ina ofisi, na ofisi zina taarifa za kuandika.

Vifaa vilikuwa vimeungua, hilo halikufichika. Swali lilikuwa viliungua wapi. Kuandika kwamba viliungua Nakasero, mbele ya mgeni rasmi, alipobonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe, ni kumvunjia heshima. Kikao kilikaa, kikavunjika, kikakaa tena. Ndipo msaidizi wa msaidizi akafungua faili la sherehe na kuukuta mchoro wangu wa rangi. MTAA WA KWANZA: NAMUWONGO. VIFAA KUUNGUA. Kila mtu alipumua. Tahadhari ambayo hakuna aliyeisoma kabla ya tukio sasa ilisomwa kama ushahidi wa tukio.

Injinia Dawudi aliniita ofisini kwake, akanipa kiti.

"Nasike, hii modeli yako ni ya ajabu. Tumeikubali yote. Nakwenda kuipeleka mpaka kwa wafadhili. Cheti kitakuja, na jina lako juu."

Sijui kama mmewahi kukubaliwa kwa kitu mlichokihangaikia miaka. Moyo wangu ulipanda, nakiri, ukapanda kwa upuuzi mtupu kama laini isiyo na mzigo. Kisha akasema twende Namuwongo, maana vifaa vilivyoungua lazima vikusanywe, na cha kwanza kilichotajwa kwenye ratiba ya zamani ni friza ya Bi Salme.

Tulikwenda na pikapu. Bi Salme alitukaribisha kwa adabu zake zote, akampa Injinia Dawudi kiti na chupa ya sharubati. Ilikuwa baridi hata ikatoa jasho mkononi mwake. Alikunywa akafumba macho.

"Webale nnyo, mama. Hii ni baridi kabisa." Kisha akawageukia wabebaji. "Hiyo friza imeungua. Pakia."

Bi Salme alidhani ni mzaha, akacheka. Wabebaji walipoanza kufungua skrubu za plagi, akaacha.

"Bwana mkubwa, haijaungua. Hicho unachokunywa kimetoka humo."

"Mama, pole. Modeli inasema imeungua." Akapiga funda jingine. "Tutakuletea nyingine mpya, faili likitoka."

Bi Salme alijua mafaili yanavyotoka. Alikwenda akasimama mbele ya friza, mikono imeshika kifuniko kwa nyuma. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi tu.

"Nasike. Waambie."

Nikamwambia Injinia Dawudi kwamba ratiba iligeuzwa, kwamba modeli ilihusu mtaa wa kwanza, na mtaa wa kwanza ukawa Nakasero, na yeye mwenyewe macho yake yaliwasha kwa moshi. Alinisogeza kando, hadi kwenye karai la maganda ya ukwaju, akaongea polepole.

"Sikiliza, mwanangu. Vitu ni viwili tu. Modeli yako ikiwa sawa, friza imeungua. Friza ikiwa haijaungua, modeli yako ina makosa, na injinia mwenye makosa hatuwezi kumpa kompyuta. Wewe ndiye umetengeneza. Chagua."

Friza ilikuwa bado inavuma. Wabebaji walikuwa wameishika pembe zote, wakingoja neno. Nilifikiria usiku wote niliokaa na laini ile, nikiihoji, nikiifahamu kuliko ninavyowafahamu ndugu zangu. Ilikuwa imesema kweli kuhusu kila kitu.

"Modeli ina makosa," nikasema.

"Makosa wapi?"

"Kila mahali. Laini isiyo na mzigo haiwezi kupandisha volti. Mtu hajala, atashibaje?"

Uso wa Injinia Dawudi ulifunguka kama wa mtu aliyetolewa mwiba.

"Nilijua!" akasema, akanikumbatia. "Mimi niliambia wao kutoka mwanzo! Shusheni, shusheni hiyo friza."

Miaka yote niliyofanya kazi Nakasero, hiyo ilikuwa mara ya kwanza ofisi yangu kuamini neno langu lolote kuhusu umeme. Waliliamini pale pale, bila mchoro.

Kompyuta wakaichukua, cheti hakikuja. Vifaa vya Nakasero viliandikwa kwamba vilikufa kwa uzee. Lakini Aber hakusahau nani alimwokoa na aibu ya meza kuu, akaniomba nihamie kwake, na sasa mimi ni wa itifaki. Nina viatu vya kupiga sakafu. Laini ya pili, pacha wa ile ya kwanza, itazinduliwa mvua zikiisha. Wamekwisha kuamua kwamba reakta itazimwa kwa sababu ya mvumo, na nilipouliza kama hakuna hatari, Injinia Dawudi alinikumbusha kwa upole kwamba mimi mwenyewe nilikiri.

Sikubishana naye. Kazi yangu siku hizi ni kupanga nani awashiwe umeme kabla ya nani, na ninaipanga kwa heshima kubwa: mgeni rasmi kwanza, kisha wakurugenzi, kisha wasaidizi wao wote bila kumsahau hata mmoja. Bi Salme nimemwandika wa mwisho kabisa, na amenishukuru kwa chupa ya ukwaju.